Kibuyu cha Mkiani

Huko Mwandoya, wilayani Meatu, wanyama walikuwa na usafiri wao wa kulipia. Punda vihongwe walikaa kijiweni chini ya mbuyu, kwenye njia panda ya mnadani, wakigombea abiria. Mbuzi mwenye haraka zake alipanda, Kondoo mgonjwa alikimbizwa zahanati, Kuku na binti zake wawili walipakiwa mshikaki kwenye mgongo mmoja ingawa wazee walishakataza. Nauli ilikuwa hindi moja. Jioni kila kihongwe alipeleka hesabu kwa Kiboko wa lambo, maana ndiye aliyewanunua wote: mahindi 20 kwa siku, abiria wawepo wasiwepo. Anayevijua vijiwe vya bodaboda vya Mwandoya, Kisesa na Mwanhuzi anaijua hesabu hiyo, na anajua inavyomweka kijana barabarani hadi usiku wa manane.

Ulipofika msimu wa pamba, Nyati waliingia barabarani wakivuta mizigo kutoka maghala ya vijijini kwenda kiwandani, na nyuma yao vumbi likisimama. Usiku mmoja kihongwe mmoja alikuwa amebakiza mahindi 3 kutimiza hesabu. Akampakia Mama Mbuzi, akaingia kwenye vumbi la Nyati wa kwanza akitaka kumpita. Nyati wa pili akatokea mbele. Mama Mbuzi alirushwa pembeni, pembe ikavunjika. Kihongwe alipasuka paji la uso. Nyati hawakusimama.

"Hakunisikia," alisema asubuhi kijiweni, damu ikiwa imemkaukia juu ya jicho. "Angenisikia angenipisha."

Hakuna aliyembishia. Kila kihongwe pale alikuwa na kovu lake.

Ngedere, fundi wa kijiwe, akamwambia dawa ipo. Alichukua vibuyu vikavu, akavijaza kokoto, akaongeza vipande vya bati, akafunga kila kitu mkiani kwa kamba ya mkonge. Kwa pikipiki kazi hiyo ni kutoboa ekzosi, au kung'oa vile vyumba vya ndani ya sailensa ambamo moshi huzungushwa hadi mlio wake upoe. Kihongwe alipotoka mbio mara ya kwanza, vitongoji vitatu vilisikia. Vijana wakashangilia. Kabla mwezi haujaandama tena, kijiwe kizima kilikuwa na vibuyu, na neno lilishakuwa moja midomoni mwao: kelele ndiyo ngao.

Sitaki kuwasema vibaya. Aliyepasuliwa paji la uso na Nyati ana haki ya kuogopa, na mwenye hofu hushika kilicho karibu. Lakini hofu yao ililipiwa na wengine. Kuku aliyekuwa akiatamia alikimbia mayai, yakapoa. Mtoto wa Swala alikurupuka akajichoma kwenye migunga. Kule zahanati Kondoo aliyejifungua usiku hakupata usingizi hadi asubuhi, na vihongwe walipita chini ya dirisha lake kila baada ya muda mfupi, wengine wakikata mbio ghafla ili bati lilipuke kama bunduki.

Kisha likaja jambo la Kanga. Kazi ya Kanga tangu zamani ni kupiga yowe akimwona Chui. Usiku mmoja alipiga yowe mpaka koo likakauka. Chui akaingia zizini kwa Mama Mbuzi, yule yule wa pembe iliyovunjika, akatoka na mtoto. Majirani walipoulizwa kulipokucha, wote walijibu kwamba walichosikia ni vibuyu.

Wazee walimtuma Fisi, mkuu wa sungusungu, akamate vibuyu vyote. Fisi alikamata asubuhi, jioni akavirudisha kwa mfupa mmoja. Kesho yake akamkamata kihongwe yule yule, akala mfupa wa pili. Nasi Watanzania tunazo kanuni: za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Sheria ya Usalama Barabarani imekuwapo tangu 1973. Kanuni ikishageuzwa mfupa, anayeikiuka hujifunza bei yake tu. Kihongwe aliyelipa mifupa miwili alilazimika kufanya safari zaidi usiku kufidia, tena na kibuyu chake mkiani.

Ndipo Tembo akaitisha dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndani ya ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa. Nyasi zilikuwa ndefu, maana msimu wa malisho yake ulikuwa haujafunguliwa, na wanyama wote wakaja, hata Nyati.

"Mwangaluka," Tembo alisalimu, wakaitikia. Akampa Kihongwe nafasi ya kwanza.

"Mzee Tembo, wazee wangu, shikamooni. Mimi si mhuni," Kihongwe alisema. "Kibuyu hiki kinanilinda. Bila kelele Nyati hanioni."

Kobe akainua shingo. "Mjukuu wangu, usiku ule Nyati aliyekuumiza alitoka wapi?"

"Mbele, babu."

"Na kibuyu umekifunga wapi?"

Kihongwe hakujibu. Tembo akaamua lifanyike jaribio. Nyati alipelekwa hadi kwenye kona, akafungwa mzigo wake wa pamba, akaambiwa aje kwa mwendo wa kila siku. Kihongwe alitokea upande wa pili akikimbia na vibuyu vyake. Wazee walisimama kandokando ya njia. Waliokuwa nyuma ya Kihongwe walimsikia tangu alipoondoka hadi alipopotea kabisa, wengine wakiwa wameziba masikio. Nyati, ambaye alikuwa anakanyaga changarawe kwa kwato zake nzito na mzigo ukilialia nyuma yake, alisimama pale tu alipomwona Kihongwe kwa macho, hatua chache kabla ya kumfikia.

"Mdogo wangu, sikukusikia," Nyati alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Ninaposikia kelele yako huwa umeshanipita."

Binadamu nao walilifikia jambo hili. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza papo hapo ajali 900 za pikipiki jijini Los Angeles, na ripoti yao ya 1981 ilionyesha kwamba hatari nyingi hutokea mbele ya mwendeshaji, na kwamba wenye magari waliogongana na pikipiki mara nyingi hawakuiona kabisa au waliiona wakati umeshapita. Kilichosaidia ni taa kuwashwa hata mchana na nguo zinazoonekana. Bomba la pikipiki linatazama nyuma, na mlio wake mwingi huelekea kule ambako mwendeshaji ameshapita.

Popo, aliyekuwa amening'inia kwenye tawi la mgunga, akaomba kusema. "Mimi naishi kwa sauti. Kila ninapopiga ukelele, nakaza kwanza msuli wa sikio langu nisijiumize, kisha naulegeza nisikie mwangwi. Wewe, mwanangu, unaziba sikio lako saa ngapi?"

"Nimeshazoea, bibi."

"Hujazoea. Umepungukiwa. Jana nilikuita jina mara tatu kijiweni, ukageuka ulipoguswa."

Hapa wengi walinyamaza, kwa sababu walikuwa wameliona hilo. Wataalamu wa afya kazini wanasema sikio huhimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15, na bodaboda hukaa juu ya chombo chake tangu alfajiri. Akishapoteza kusikia, hasikii tena honi ya lori linalomjia nyuma wala abiria wake anayemwambia simama.

Simba, aliyekuwa mgeni kutoka upande wa pori la akiba, akasema suala limekwisha: vibuyu vichomwe leo, na atakayeonekana nacho akatwe mkia. Wengi walishangilia. Kobe akapinga.

"Mkichoma vibuyu mtatuletea usingizi sisi," alisema. "Yeye atarudi barabarani kesho na paji lile lile lililopasuka. Mnataka aache kitu anachokiamini. Mnampa nini kichwani?"

Ngedere akaruka mbele akisema vibuyu vikatwe nusu viwe kofia. Kobe akachukua kimoja, akakidondosha kutoka juu ya kichuguu. Kikapasuka vipande vinne.

"Gamba langu," akasema, "limeungana na mbavu na uti wa mgongo wangu. Nikianguka haliwezi kutangulia likaniacha. Kofia ya kuning'iniza kwenye kiwiko ili Fisi aione hiyo siitaki, na ya kuvaa bila kufunga kidevuni siitaki pia."

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ngumu iliyo bora, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Kanuni zetu za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki zinataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae. Pita kijiwe chochote uhesabu kofia za abiria. Utakazoziona nyingi zimetundikwa kwenye usukani, mikanda imekatika.

"Kofia mbili kwa kila kihongwe," Tembo alisema. "Nani anunue?"

Macho yakamgeukia Kihongwe. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba mkiani. Aliviweka vibuyu chini mbele ya wazee, akasimama wima.

"Hivi naviacha, na Mama Mbuzi anisamehe. Lakini usiku ule nilikuwa nimebakiza mahindi 3. Ningekuwa nimetimiza, nisingeingia kwenye lile vumbi. Mzee Kiboko, shikamoo. Mimi nashusha kibuyu, wewe shusha hesabu."

Kiboko alikoroma. Alisema hesabu ni mkataba, kwamba amewalisha vihongwe wote tangu wakiwa wadogo, kwamba akishusha leo kesho watamletea mawili. Alisema mengi. Mama Mbuzi akamsogelea na pembe yake moja, akamwomba amwambie tena maneno hayo kuhusu mkataba. Kiboko akatazama kando.

Dagashida ilikaa hadi jua likazama. Hesabu ya msimu wa pamba ikashushwa kutoka mahindi 20 hadi 14, na giza likiingia hakuna kudaiwa. Kofia zikawa juu ya Kiboko, kwa kuwa punda ni wake. Nyati akatakiwa kufunga kimulimuli kila pembe na kupunguza mwendo akikuta vumbi. Fisi akaondolewa barabarani, nafasi yake akapewa Kanga, ambaye hali mifupa. Simba aliondoka kabla ya kikao kufungwa.

Asubuhi ya tatu kofia zilifika. Abiria wa kwanza alikuwa Mama Mbuzi, akipeleka maziwa zahanati. Alipanda, akamwambia Kihongwe waondoke. Kihongwe hakusogea.

"Mama, funga kwanza kamba ya kidevu."

"Pembe inazuia."

"Basi tumwite fundi."

Ngedere, ambaye tangu vibuyu vipigwe marufuku alikuwa hana kazi, alikuja na kisu chake. Alitaka kutoboa kofia pembe ipite. Kobe akamkataza asiitoboe, akamwonyesha namna ya kuisogeza nyuma ya pembe na kushona mkanda mpya wenye nafasi. Kazi hiyo ilikula nusu ya asubuhi, na vihongwe wengine wakapanga foleni nyuma yao kurekebishiwa mikanda. Mama Mbuzi alilalamika njia nzima kwamba maziwa yataganda, na Kihongwe akamsikia kila neno. Jioni alimpelekea Kiboko mahindi 14. Kiboko aliyahesabu, akayarudia kuyahesabu, akayapokea.