Namna ya Kumfundisha Mtoto Asiamini Kila Kitu (Ila Unachosema Wewe)

Kwanza, chagua saa. Usithubutu saa mbili usiku: hapo pana taarifa ya habari, na sheria ya nyumba inajulikana, mtoto akifungua mdomo anaambiwa "nyamaza tusikie." Kumfundisha kuhoji habari wakati habari inasomwa ni utovu wa adabu. Subiri umeme ukatike. Ukikatika tu atakuomba simu, nawe utampa.

Anza na matangazo ya biashara, kwani hayana jamaa wa kununa. Mpe mtoto wako wa miaka sita maswali matatu: nani ametengeneza hiki, anataka nifanye nini, nikifanya yeye anapata nini? Usiongeze la nne. Mtoto wa umri huo anaweza kuuona mpaka kati ya katuni na tangazo, lakini ni nadra kutambua kwamba tangazo linataka kumuuzia kitu, na yule kijana wa YouTube anayefungua maboksi ya midoli ameufuta mpaka huo kabisa. Basi mpeleke dukani. Mshikishe pakiti ya juisi yenye picha ya embe lililopasuliwa, kisha msomee maandishi ya nyuma, yale madogo kama sisimizi: maji, sukari, ladha ya embe, rangi. Ataduwaa. Ufurahie mshangao huo mapema, maana Jumapili atawasomea wageni wenu, glasi zikiwa zimeshafika mdomoni.

Ingia kwenye picha zinazodanganya. Mhadithie kwamba tarehe 1 Aprili 1957 BBC, katika kipindi cha Panorama, ilionyesha familia ya Uswisi ikichuma tambi mtini, na wapo watazamaji waliopiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Atacheka sana. Wazungu wakidanganywa somo huwa tamu. Ukitaka mfano wa nyumbani, uko wa Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha dawa iliyodaiwa kutibu maradhi sugu, kwa shilingi 500, na foleni ya magari isiyoonekana mwisho. Kabla ya kuutumia, kagua albamu ya familia. Picha yako ukiwa kwenye foleni hiyo, na chupa ya maji mkononi, ipo ukurasa wa tatu.

Hatua inayofuata ni kundi la ukoo la WhatsApp, na hapa twende polepole, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapoishia.

Mwonyeshe mtoto vile vishale viwili juu ya ujumbe. Maana yake ni kwamba ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi tangu ulipoanzia, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa aina hiyo kutumwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mpigo. Mtoto ataelewa mara moja: vishale viwili, kuwa macho. Usimweleze zaidi. Hasa usimpe simu Bibi akiwepo.

Utampa. Naye atakuta ujumbe wa limau na maji ya moto yanayoua saratani, vishale viwili, tuma kwa watu kumi. Atageuka kwa heshima zote: "Shikamoo Bibi. Nani ametengeneza hiki?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kimetoka kwa mjomba wako."

Kesi imekwisha. Kanuni ambayo hakuna aliyeiandika na wote tunaitii ni hii: kwetu habari hupimwa kwa umri wa aliyeituma. Ya kijana inahojiwa. Ya mjomba inajibiwa "asante sana mjomba" na ile alama ya viganja viwili vilivyokutana, hata kama umeifuta kabla haijafunguka. Anayeuliza "mjomba, umeitoa wapi?" haulizi chanzo; anaulizia kikao cha familia. Mimi niliwahi kuuliza. Tulikaa kikao. Agenda ilikuwa malezi yangu.

Kwa hiyo mfundishe mtoto kuhoji kimoyomoyo. Hataweza, sauti ya mtoto wa darasa la kwanza haina kitufe cha kupunguza.

Mwisho, jiandae na siku yako. Haitachelewa. Utakuwa umejinyoosha kwenye kochi, naye atakuja na chungwa mkononi. Atakukumbusha ulivyomwambia kwamba akimeza mbegu mti utaota tumboni. Atakukumbusha kwamba televisheni "iliharibika" mwezi mzima wa mitihani ya kaka yake ikapona siku ya fainali. Kisha atakuuliza, kwa mpangilio uleule uliomfundisha: nani alitengeneza, alitaka nini, alipata nini?

Jibu linalotumika katika nyumba nyingi ni "nenda kalale." Linafaa hata saa kumi alasiri.