Binti yangu anataka chanzo cha pili

Jirani yangu wa upande wa kulia ana mtoto aliyesomea uuguzi. Mzee akipandwa na presha, kipimo kiko kabatini na mpimaji yuko sebuleni. Wa upande wa kushoto, mwanawe ni fundi umeme. Luku ikigoma usiku, hakuna anayehangaika kupiga simu. Mimi wa kwangu anasoma uandishi wa habari chuo kikuu, na alicholeta nyumbani mpaka sasa ni maswali.

Sina ugomvi na fani yenyewe. Mimi ni mtu wa magazeti. Kila asubuhi nasimama kwenye meza ya magazeti pale kituoni pamoja na wenzangu, tunasoma vichwa vyote vya habari, tunachambua, tunabishana mpaka mate yanaruka, kisha kila mmoja anapanda daladala bila kununua hata nakala moja. Muuzaji alishatuzoea, hatusalimii tena. Kwa hiyo binti aliposema anataka kusomea habari sikupinga. Nilimwona Benjamin Mkapa mbele yangu: alihariri Uhuru, akahariri Daily News, akaishia Ikulu. Nikasema ada ya namna hii si hasara. Mkopo wa elimu ya juu ukabeba sehemu yake, iliyobaki nikaanza kuitafuta mimi. Sikujua kwamba njiani kati ya darasa na Ikulu kuna kitu kinaitwa likizo, na likizo zote anakuja kuzifanyia mazoezi kwangu.

Balaa lilianza na piramidi. Wanafundishwa kwamba habari huandikwa kama piramidi iliyosimamishwa kichwa chini: zito kabisa linakaa juu, jepesi linashuka. Sentensi ya kwanza ibebe nani, nini, lini na wapi, na kama nafasi ipo, kwa nini na vipi. Mengine yafuate kwa kadiri ya uzito wake, ili mhariri akibanwa na nafasi akate mkia bila kuua habari. Gazetini utaratibu huo naukubali. Msomaji wa mezani kama mimi hapati zaidi ya sentensi ya kwanza kabla konda hajaita.

Lakini mtoto akaipeleka piramidi kwenye simu. Alikuwa kijijini likizo, ndipo mjomba wa mama yake akafariki. Simu ikaita asubuhi na mapema, mama yake akaipokea na kuweka spika. Nilitegemea utaratibu wetu wa siku zote: shikamoo, marahaba, hamjambo huko, hatujambo, mvua je, zimenyesha, mahindi yanaendeleaje, yapo yapo, yule mbuzi kazaa mapacha. Kisha kimya kidogo. Kisha, "Ila mjomba leo hakuamka vizuri." Hapo unajua, lakini unajifanya hujui, na wanaokupigia wanajua kwamba unajua. Unaambiwa amepelekwa zahanati. Halafu hali si nzuri sana. Halafu tumwachie Mungu. Wakati huo huku kwako watu wameshakuvutia kiti na kumwita jirani aje akushike.

Binti akasema, kwa sauti ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku: "Mama, mjomba amefariki dunia leo saa 11 alfajiri nyumbani kwake, kwa shinikizo la damu, akiwa na umri wa miaka 78."

Shikamoo ilikuja aya ya tatu.

Mama yake alikaa chini pale pale ukumbini, na si kwenye kiti. Nilipomlalamikia binti aliporudi, akanipa historia. Kwamba huko Marekani enzi za telegrafu kila neno lililipiwa, na waya ungeweza kukatika wakati wowote, basi mwandishi akatanguliza lililo kubwa. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa darasani. Nikacheka. Telegrafu anifundishe mimi? Sisi ndio tuliosimama dirishani posta kutuma simu ya maandishi, tukihesabu maneno kwa vidole kwa sababu kila neno lilikuwa na bei yake, na tuliandika hivi: BABA MGONJWA SANA NJOO UPESI. Baba alikuwa mochwari. Aliyeipokea ile karatasi alielewa mara moja, lakini alipewa safari nzima ya basi ya kuelewa taratibu. Pesa tulilipa kama Mmarekani, na neno lile moja bado hatukuliandika. Nilimweleza haya kwa urefu unaostahili. Akasema nimechelewa sana kufika kwenye hoja.

Baada ya piramidi vikaja vyanzo. Mama yake ana taarifa za mtaa mzima, na zote anapewa na mtu mmoja anayeitwa Wanasema. Wanasema mwenye duka la kona anafilisika. Wanasema mtoto wa mjumbe kaacha kazi mwenyewe, hakufukuzwa. Zamani hicho ndicho kilikuwa kitoweo chetu cha usiku, hata kama mboga ilikuwa matembele. Sasa binti anaweka tonge chini. "Wanasema ni nani, mama? Aliona au alisikia? Anapata nini akiyasema?" Mama anajibu kwamba ameyapata saluni. "Saluni siyo chanzo. Saluni ni mahali." Siku hizi tunakula kimya, na mimi sijui tena chochote kuhusu mtaa ninaokaa.

Kwangu imekuwa mbaya zaidi. Jumamosi moja nilichelewa kurudi nikasema nilikuwa msibani. Mke wangu, ambaye ni mtu mzima na anajua ndoa inavyoendeshwa, akasema pole, akaniletea maji. Binti akachukua kalamu. Kalamu kabisa, na daftari. Msiba wa nani, wapi, wamezika saa ngapi, na shati linanukiaje nyama choma? Nikamtaja rafiki yangu niliyekuwa naye. Akampigia papo hapo. Rafiki, Mungu amzidishie, akathibitisha kila kitu, hata jina la marehemu akalipata. Binti akakata simu, akasema haitoshi: chuoni wanatakiwa kuthibitisha jambo kwa vyanzo viwili vinavyojitegemea, na watu wawili waliokaa meza moja ni chanzo kimoja chenye vinywa viwili.

Halafu kuna mizania. Kuku wa jirani waliingia kwenye mchicha wangu, nikawa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia, maneno mazuri tu. Binti akanitangulia, eti kumpa upande wa pili haki ya kujibu. Jirani akajibu. Akajibu kuanzia siku aliponunua kiwanja, akaonyesha bikoni, akadai kwamba mchicha wenyewe umeota upande wake. Alidai, nasisitiza. Binti akarudi na kurasa nne za jirani na aya moja yangu. Nikauliza mizania gani hiyo. Akasema mizania si kugawana nusu kwa nusu, ni kuangalia nani ana ushahidi. Tangu siku hiyo kuku wanaingia kwa kujiamini.

Nikajipa moyo. Mwaka wa mwisho ataenda fildi, nikasema, akawabane wakubwa, mimi nipumue. Na kusema kweli nilikuwa na hamu. Mtu anayeweza kumweka baba yake kitimoto kwa sababu ya shati, mkurugenzi mwenye mradi uliokwama atamfanyaje?

Akapata nafasi kwenye chumba cha habari ambacho sitakitaja. Kazi ya kwanza, akatumwa kwenye warsha. Unazijua: bango la kitambaa ukutani, maji ya chupa mezani, wimbo wa kumsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi mwenyewe anayewasili watu wakiwa wameshasinzia mara ya pili. Akasoma hotuba yote, pamoja na zile sehemu za "Ndugu washiriki". Ukafika muda wa maswali. Binti akanyoosha mkono, akauliza fedha za mradi zimefikia wapi, na kwa nini ahadi za mwaka huu zinafanana na za mwaka jana. Mshereheshaji akamshukuru kwa swali zuri sana, kisha akatangaza kwamba muda umetutupa mkono na chakula kipo tayari.

Mlangoni kulikuwa na karatasi ya kusaini na bahasha ya nauli. Binti hakuichukua, akatembea kwa miguu mpaka kituoni juani. Waandishi wakongwe walimtazama kama mtoto aliyekataa chanjo. Na hao siwalaumu haraka. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa stori. Stori isipotoka, naye hajatoka. Ukimwambia bahasha ni rushwa atakubaliana nawe kabisa, atakutajia na kifungu cha maadili, kisha ataomba kalamu asaini.

Kesho yake nilikwenda mezani nikafanya jambo lililomtia muuzaji wasiwasi: nilinunua gazeti. Nikaitafuta kazi ya binti mpaka kurasa za ndani, jirani na matangazo ya vifo. "Na Mwandishi Wetu." Kichwa: WANANCHI WATAKIWA KUCHANGAMKIA FURSA. Nani? Mgeni rasmi. Nini? Amewataka. Wapi? Ukumbini. Lini? Jana. Piramidi imesimama sawasawa, ndani hamna hata Farao. Swali lake halikuwepo, na kilichofuata swali hakikuwepo. Mhariri, binti akaniambia, alikata.

Nikaanza kuviangalia upya vile vichwa nilivyokuwa nasoma bure. Wakulima watakiwa. Vijana waaswa. Wazazi wakumbushwa. Bodaboda waonywa. Nchi nzima inatakiwa, na anayetaka ni mtu mmoja mbele ya kipaza sauti. Mtaani kwetu mtaro umeziba tangu masika, maji yanaingia mpaka jikoni kwa watu, masufuria yanaelea. Lakini mtaro hauna mgeni rasmi. Hauwezi kumwasa mtu. Hautoi nauli. Basi si habari.

Ndiyo maana naandamwa. Swali likikataliwa ukumbini halifi. Linapanda daladala, linashuka kituo chetu, linanikuta nimekaa barazani na kikombe cha chai. "Baba, ile hela ya kurekebisha choo imefikia wapi? Mbona mwaka jana ulisema hivyo hivyo?" Mkubwa ana mshereheshaji wa kumwambia mtoto kwamba muda umekwisha. Mimi nina mke tu, na yeye siku hizi anasikiliza majibu.

Kuna wanaosema dawa ni vyeti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake za mwaka uliofuata, zilikuja na sharti kwamba mwandishi awe na stashahada ya fani kwa uchache, na sasa ipo Bodi ya Ithibati inayotoa vitambulisho. Lengo, tuliambiwa, ni kuwaondoa makanjanja. Sawa. Mkapa alikabidhiwa uhariri wa Uhuru mwaka 1966 akiwa na shahada ya Kiingereza kutoka Makerere; Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania ilianza 1975. Leo huenda angeambiwa akasome kwanza. Lakini hilo dogo. Kanjanja na msomi wakikaa viti vile vile vya nyuma, wakapewa hotuba ile ile iliyochapwa, na wote wakaambiwa chakula kipo tayari, kesho utawatofautishaje? Labda kwa nukta na mkato. Mimi nimelipia ada mtoto ajifunze kuuliza, na ukumbi umejengwa ili asiulize. Halafu eti mwenye kasoro ya kitaaluma ni huyo mwenye kalamu.

Sasa fildi imekwisha, yuko nyumbani anaandaa kazi yake ya kumalizia chuo, na ameamua kuandika kuhusu mtaro. Nilifurahi sana, mpaka alipokuja kuketi mbele yangu na kuwasha simu irekodi. Mimi ni "mkazi wa mtaa huo". Nikazungumza vizuri, na vidole nikainua. Nikaigusa serikali ya mtaa, nikaigusa manispaa, nikawasema kwa ukali watu wanaotupa taka mtaroni usiku. Akauliza taka zetu sisi hutupwa wapi.

Nikamwambia hapo usiandike. Akasema hayo hukubaliwa kabla ya kusema, si baada. Nikamwambia mbona sijasema kitu. Akasema ukimya wangu ameuandika. Basi jina langu lisitajwe, nikaomba. Akataka sababu ya kulificha. Nikamwambia sababu ni kwamba mimi ni baba yako. Akafikiri, akasema huo ni mgongano wa masilahi, pengine asinihoji kabisa, bora amhoji jirani mwenye kuku.

Nikaona angalau nidai haki yangu. Nimempa muda wangu, nauli iko wapi? Akasema maadili hayaruhusu kumlipa chanzo.

"Na ada yako alilipa nani?"

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa mbili tatu.

"Hapo nina kauli zinazopingana," akasema. "Mama anasema ni yeye."