Kumi na Mbili Nzima!

Jamani, sogeeni niwaambie. Sikukuu baba mwenye nyumba kaleta nyama, kilo 12, bure kabisa. Wapangaji tuko wanne. Kaandika vikaratasi: nusu, robo, moja ya sita, moja ya kumi na mbili. Ukijumlisha, anasema, unapata nzima, habaki mfupa. Kanigeukia: "Wewe ndiye mkubwa hapa, anza kuchagua."

Mimi si mtoto. Nusu imekatwa kwa mbili, robo kwa nne. Halafu kuna sita, halafu kumi na mbili. Nani aache kumi na mbili? Nikadaka. Mama Zai akachukua nusu, masikini, nikamhurumia kimoyomoyo. Mizani ikaletwa. Mama Zai kilo sita. Wa robo kilo tatu. Wa sita kilo mbili. Mimi kilo moja! Tena ya shingo. Nikabeba kimfuko changu, watoto wa uani wananichungulia.

Binti yangu wa darasa la nne eti anichoree duara. "Baba, namba ya chini ni asili. Inasema nzima imekatwa vipande vingapi. Vikiwa vingi, kila kimoja kinakuwa kidogo." Mama yake akaona nifundishwe kwa vitendo. Kakata chapati vipande kumi na mbili, kanipa kimoja. Na chai kavu.

Nikaenda kulalamika dukani kwa Mangi. Nikamkuta ustadhi. Akasema hesabu hizi ziliwatoa watu jasho zamani. Mwanamke kafa, hana mtoto wala wazazi, kaacha mume na dada zake wawili wa baba na mama. Kwa mirathi ya Kiislamu mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Weka zote kwenye sita: tatu na nne, saba! Saba za sita, na mali ni moja tu. Zama za Khalifa Umar wakapandisha asili kutoka 6 hadi 7. Mume tatu za saba, dada nne za saba, kila mmoja kapunguka kidogo, mali ikatosha. Nikamuuliza, sasa nyama yetu mbona haikupandishwa? Ustadhi akanywa chai yake.

Mangi naye akachomoa daftari la madeni. Elfu ishirini. "Leo unapunguza ngapi, mzee? Nusu au robo tatu?"

Haa! Hapo sasa kanikuta nimeshasoma. Nusu ni ya mbili, robo ni ya nne. Asili kubwa, kipande kidogo, binti kasema. Nikavimba, nikamwambia robo tatu, na sibishani.

Mangi hakubisha hata kidogo. Kahesabu elfu kumi na tano zangu, taratibu, mara mbili, kanipa na pipi.