Waraka wa Ughaibuni: Msiwafiche Omena, Leteni Bilauri

Wapendwa wazee wangu, mashangazi, wajomba na vijana wote wa Sikuda,

Salamu nyingi kutoka Uingereza, ambako mvua hunyesha bila radi, bila adabu na bila kukuza hata hindi moja. Leo siwaandikii habari za baridi wala kodi ya nyumba. Nawaandikia kuhusu dhuluma. Mtu wetu wa Busia au Tororo aliyeko huku akialika wageni watano sita nyumbani kwake, akanunua chupa ya port au sherry ili naye aonekane mtu, jambo la kwanza analofanya ni kuficha omena kabatini na kukimbia dukani kununua jibini. Mimi nasema amekosea kabati. Divai hizi zilizoongezwa pombe kali hazina rafiki mwema kuliko chakula kilekile kinachoanikwa Majanji na kuuzwa kwa kopo sokoni Busia.

Nyinyi wa mpakani mtanielewa upesi kuliko msomi yeyote, kwa sababu port ni mtoto wa ushuru. Waingereza walikuwa wanywaji wa divai ya Ufaransa, lakini vita visivyoisha vilileta marufuku na kodi za kukomoana. Mwaka 1703 wakatia saini na Ureno mkataba wa Methuen, ulioifanya divai ya Kireno ilipe ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ya Kifaransa. Basi mzigo ukabadili njia, kama unavyobadili njia kwetu bei ya sukari ikipanda upande mmoja, na msiniulize wanaopita njia za panya ni akina nani, mnawajua. Safari ya bahari ilikuwa na misukosuko, kwa hiyo wafanyabiashara walitia pombe kali katika mapipa ili divai isiharibike. Baadaye ikaonekana kwamba ukiitia mapema, zabibu zikiwa bado zinachacha, hamira inakufa na sukari inabaki. Mpaka leo kipimo cha kawaida ni kama lita 115 za pombe ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77 kwa lita 435 za divai inayochacha. Divai ya kisiwa cha Madeira nayo ilipikwa na jua la tropiki ndani ya meli. Ikarudi tamu kuliko ilivyoondoka, na tangu hapo watu huipasha moto makusudi. Hivi ni vinywaji vya watu wa njia, vilivyotengenezwa vingoje na visafiri. Na mbuta wa kubanikwa moshini, omena wa kukaushwa na amukeke za Wateso, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa, vilitengenezwa kwa sababu gani nyingine?

Mtasema historia haina ladha. Haya, tuonje. Ipo sherry kavu iitwayo fino, yenye nguvu kama asilimia 15, ambayo hukomaa pipani chini ya utando mweupe wa hamira. Mama mpika busaa akiuona utando ule juu ya chungu chake atamwaga chote na kumsaka aliyemroga, lakini kule Jerez, Hispania, unatunzwa kama yai. Divai hutoka kavu kabisa, na harufu yake ni ya unga uliokandwa. Wahispania huinywa ikiwa baridi, pamoja na lozi zilizotiwa chumvi, zeituni na samaki wadogo wa chumvi. Sasa chukueni omena, mng'oe vichwa kama ni wachungu, muwakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, mnyunyize chumvi. Chumvi inaiondolea divai ukali, nayo divai inasafisha ulimi kwa ajili ya samaki anayefuata. Samaki mdogo wa chumvi ni samaki mdogo wa chumvi, awe wa bahari ya Cádiz au wa Ziwa Viktoria. Kumbikumbi wa kukaanga, wenye mafuta na ladha ya njugu, ningewapa sherry iliyokolea rangi, amontillado. Port ya tawny, iliyozeeka pipani mpaka wekundu ukageuka hudhurungi, ina ladha ya njugu na matunda makavu tayari, hivyo ikiwekewa karanga za kukaanga au amukeke zilizopikwa kwa odii, ile siagi ya karanga na simsim, inakuwa imefika kwao. Angalizo ni kwamba chakula kisiizidi divai utamu, la sivyo divai itaonekana chungu.

Wapo watakaopinga. Watasema port huenda na jibini la Stilton, na wenyeji wamefanya hivyo tangu zamani. Kweli, na tena inapendeza. Lakini inapendeza kwa nini? Kwa sababu jibini lile lina chumvi, mafuta na harufu ya kufukuza paka. Mwenye kula jibini lenye ukungu wa buluu hana haki ya kulalamikia harufu ya omena ngazini. Pingamizi la pilipili nalikubali bila kubishana: pombe ya asilimia 20 huuchochea ule moto, kwa hiyo mbuzi choma na kachumbari kali vibaki na bia. Nakubali pia kwamba port changa nyekundu ikikutana na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Hiyo ipeni maharage ya moshi au msiifungue. Walokole wetu wachemshiwe chai ya tangawizi, wale karanga kwa amani.

Pingamizi zito ni la wazee: kinywaji gani hiki kinachotolewa kwenye kibilauri cha dawa ya kikohozi? Chungu cha ajon, pombe ya ulezi, kinatosha ukoo mzima, kinaongezwa maji ya moto, na mirija inazunguka. Lakini ukali wa port ni kama mara nne ya bia, na chupa moja hutoa vibilauri kumi. Heshima yake ipo pia: huku chupa husogezwa mkono wa kushoto tu kuizunguka meza, na kwa Wateso mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto hata kidogo. Mtu wetu akiwa mezani, basi apokee kwa kulia na apitishe kwa kushoto, mila zote mbili zipone.

Kwa anayekuja Desemba: samaki mkavu wa matumizi ya nyumbani huruhusiwa kuingia Uingereza hadi kilo 20 kwa mtu, ila nyama na maziwa vya kutoka kwetu vitatupwa uwanjani. Omena wafungwe mara tatu, odii ikazwe kifuniko. Jibini tunalo.