Gunia la Viazi Halivaliwi

Burungu, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga, kila kitu kinabebwa: viazi, maharagi, bidoni ya maziwa, mtoto, hata mbuzi aliyegoma kutembea. Kitenzi ni kimoja, na hakikumsumbua mtu mpaka kijana mmoja, mpenzi wa katuni za Japani, alipoanza kujifunza Kijapani kwa kamusi ya Kifaransa iliyomo kwenye simu yake.

Balaa lilianza kwenye Kifaransa chenyewe. "Porter" ni kubeba, na pia ni kuvaa. Kijapani hakikubali uzembe huo. Shati ni "kiru", suruali na viatu ni "haku", kofia ni "kaburu". Kijana akamtazama mama yake, gunia la viazi kichwani, akaona jambo ni rahisi: cha kichwani ni "kaburu". Akamwandikia rafiki yake Mjapani sentensi isiyo na dosari ya sarufi.

Jibu lilikuja limejaa wasiwasi. Nani amemfanyia mama hivyo? Kumbe mwenye "kaburu" gunia amefunikwa nalo mpaka shingoni, kama aliyetekwa. Masisi, utani wa namna hiyo watu huucheka nusu.

Basi akahamia kwenye kubeba, na huko akakuta ukoo mzima. Cha begani ni "katsugu", ambacho pia ni kumlaghai mtu. Cha mgongoni "seou". Kinachoning'inia mkononi "sageru". Kusafirisha toka hapa hadi pale, "hakobu". Kijana akapenda "daku", kwa kuwa mikono yote miwili inahusika. Lakini "daku" ni kumpakata mtoto, au kumkumbatia mpenzi na yanayofuata. Rafiki akauliza, kwa adabu, kama uhusiano huo na viazi ni wa siku nyingi.

Afadhali chukudu, skuta la mbao la kubebea mizigo. Ule mti wa mkaratusi wenye magurudumu yaliyovishwa mpira wa matairi hauna ubishi: mlimani unausukuma, "osu", mteremkoni unaupanda, "noru", ukimwomba Mungu breki.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba Kiswahili nacho kina ghala hilohilo, ila ufunguo umepotea. Kichwani mtu hujitwika, mtoto huelekwa mgongoni, mzigo wa begani mtu huupagaa. Kitenzi kupagaa kilituachia neno mpagazi, kisha kikastaafu. Leo mwenye kusema "nimemweleka mtoto" sokoni ataulizwa amemwelekeza wapi.

"Acha hiyo simu, kuya unitwike!" mama akaita.

Kijana akafungua kamusi. Kuna "noseru", kuweka kitu juu ya kingine, lakini hapo bado lazima utaje kichwa, na kwamba kichwa ni cha mwingine, na kwamba unamsaidia. Alipofika kwenye kiambishi cha tatu, jirani alikuwa ameshamtwika mama, na mama ameshavuka kilima.