Namba Tisa za Mkomafi

Likizo ya vyuo ikifika, hapa Kibiti ficha mbao zako. Mpwa wangu anasomea uhandisi, na boriti yangu ya mkandaa, niliyoilipia ushuru na nauli ya gari kutoka Nyamisati, ameikatakata vipande vya mchemraba. “Mjomba, ni sampuli.” Sampuli! Ile ilikuwa paa la banda.

Anataka kupima taruma, yaani ubavu wa jahazi, kwa programu inayogawa kitu vipande vidogo vidogo kwenye skrini, kisha inapigia hesabu kila kipande kitapinda na kuvutika vipi. Chuma hakiisumbui. Inaridhika na namba mbili, moduli ya Young (ugumu wa kuvutika) na uwiano wa Poisson (kinavyosinyaa ubavuni kikivutwa), maana chuma ukikivuta upande wowote tabia ni ileile. Ila mbao, anasema, ni othotropiki. Ina pande tatu: kufuata nyuzi, kutoka kiini kwenda ganda, na kuzunguka shina. Kila upande una moduli yake. Kila jozi ya pande ina moduli yake ya mkato na uwiano wake wa Poisson. Jumla tisa. Mimi nikienda kukopa hela siulizwi mambo tisa.

Na hizo namba hazikisiwi. Uwiano una wa kwenda na wa kurudi, na ukiugawa kila mmoja kwa moduli ya upande unaovutwa, majibu lazima yalingane. Mpwa alikisia, programu ikamgomea, akaanza kuitukana mikoko. Jedwali lake limejaa misonobari na mialoni ya ugenini. Mkoko kama mkomafi haumo, mchu ndiyo kabisa.

Nikaona bora nimpeleke deltani kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Mzee alikuwa anachonga mataruma, na kila gogo la mkomafi lililokuwa pale lilikuwa limepinda lenyewe tangu porini. Mpwa akauliza kwa nini asinunue ubao ulionyooka akauchonga upinde. Mzee akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, akakisimamisha pale zilipofuata pindo. “Mjukuu wangu, nyuzi zikikatwa hapa, bahari itapasua hapahapa.”

Kijana akaruka kama kakanyaga miba. Kumbe kwenye programu alikuwa ameiacha mihimili ya zile pande tatu imenyooka, wakati taruma linakata kona. Mbao kufuata nyuzi inaweza kuwa ngumu mara kumi na zaidi kuliko kuzikatiza, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inasifia nguvu mahali pasipo na nguvu.

“Na mti mbichi unaujazaje humo?” mzee akauliza. Mpwa akakohoa. Unyevu hubadilisha zote tisa.

Tuliporudi akaigeuza mihimili ifuate pindo, halafu akajaribu na ule ubao ulionyooka. Kompyuta ikakokotoa usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa nyekundu palepale alipoweka kidole mzee, na LUKU yangu imekwisha.