Namna ya Kuunda Gemu na Rafiki Yako Bukavu Kabla Umeme Haujakatika

Kwanza tafuta rafiki. Usimfuate mwenye kompyuta nzuri. Mfuate yule ambaye akikwambia "hii haifai" hamtanuniana hadi Noeli. Mmoja aandike msimbo, mwingine achore na kupanga sheria. Kaeni nyumba moja, iwe Ibanda au Kadutu, mradi pana batri iliyojaa na mtu wa kuwakumbusha kula.

Halafu chagueni shindano la kuunda gemu. Global Game Jam, lililoanza 2009, lina mada yake na kwa miaka mingi lilidumu saa 48. Ludum Dare ni la tangu 2002. Mimi nawapeleka moja kwa moja 7DRL, la tangu 2005: siku saba, gemu moja ya ukoo wa Rogue. Siku saba zinamtosha mtu wa Bukavu. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikila mbili, tano zinabaki.

Rogue yenyewe ilitoka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa California. Mchezaji alikuwa alama ya @, mapango yalijipanga upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo. Picha hakuna, ni herufi tupu, na bado watu walikesha. Kwa hiyo laptopu yenu ya mitumba inatosha kabisa. Pakueni Godot, programu ya kuundia gemu, mapema, mega zikiwa bado zipo: ni ya bure, na ikishaingia haidai intaneti.

Sasa wazo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanataka joka, ngome ya Ulaya na mashujaa kumi na wawili. Futeni vyote, mtoke nje mtazame mji. Naamini kabisa kwamba Bukavu imeshawapangia fumbo: rasi zilizojichomeka Ziwa Kivu, vilima, ngazi za udongo, mvua inayofunga jioni njia uliyopita asubuhi.

Chukueni uwanja wa miraba saba kwa saba. Chini ni ziwa, juu ni nyumbani. Mama amebeba bidoni ya lita 20. Kila hatua ya kupanda inamwaga lita moja. Ya kwenda kando haimwagi kitu. Kila baada ya hatua tatu mvua inageuza mraba mmoja kuwa tope, na tope linameza lita tatu. Akifika na lita kumi, sombe inapikwa. Zikipungua, mlima unapangwa upya. Tazama utamu wake: kukwepa tope kwa kwenda kando ni bure, ila kunakula hatua, na hatua ndizo zinazoita mvua. Lakini mwonyesheni mchezaji wingu juu ya mraba kabla halijamwagika. Bila wingu hilo mmetengeneza bahati nasibu, na mchezaji ana haki ya kukasirika.

Kompyuta ichore kwanza njia moja inayofika juu, ndipo itawanye mawe ya kuziba miraba pembeni yake; ikitawanya ovyo, kuna milima isiyopandika. Tena kila mlima uzaliwe na namba, na namba hiyo ionekane pembeni ya kioo. Mtu akisema amekwama, ingizeni namba yake, mlima uleule unarudi.

Siku ya tatu rafiki yako atataka kuongeza motari, wezi na soko zima la Kadutu. Andikeni kwenye daftari, mfunge daftari. Kila siku kabla ya kulala nakilini kazi kwenye flashi mbili, moja ikae mfukoni mwake.

Gemu ikianza kuchezeka, mwiteni mtoto wa jirani, mumpe kibodi, mnyamaze. Usimwambie "bonyeza hapo". Tazama kidole chake: kinaponing'inia hewani bila kushuka, hapo sheria yenu haijaeleweka, na hapo ndipo pa kurekebisha usiku huo.

Pandisheni toleo la kwanza kwenye itch.io, tovuti ya gemu, siku ya sita, hata likiwa na kasoro, kisha muweke lililo bora juu yake. Angalieni saa pia: shindano likifungwa saa sita usiku kwa saa za Greenwich, Bukavu ni saa nane. Kwenye ukurasa wawekeeni wageni sentensi mbili za Kiingereza. Ndani ya gemu, mama aongee Kiswahili.